Hisabati Kidato cha Pili: vipindi vimeongezwa, alama hazipandi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya kata. Tuna mikondo miwili ya Kidato cha Pili, kila mmoja una wanafunzi 70 hivi. Tumeongeza vipindi vya jioni na jaribio kila Ijumaa, lakini zaidi ya nusu bado wanapata F katika Hisabati. Tuanzishe kambi ya wikiendi, au tubadilishe nini?

JIBU: Mwalimu, kambi isubiri kwanza. Jaribio la Ijumaa linakuonyesha nani kapata chini ya 30, lakini halikuonyeshi amekwama hatua ipi. Na kipindi cha jioni kikirudia somo lilelile kwa njia ileile, kinamchosha yuleyule aliyekwama asubuhi.

Chukua swali moja: Solve 3(x − 2) = 12. Jibu ni 6. Anayeandika 3x − 2 = 12 hajui kwamba 3 inazidisha kila kilichomo kwenye mabano. Anayefika 3x − 6 = 12 kisha akaandika 3x = 6 amekosea ishara alipohamisha 6. Anayerudisha karatasi tupu huenda hajaelewa hata neno "solve". Kwenye orodha ya alama wote watatu wana sifuri, na marudio ya jumla hayamtibu hata mmoja.

Kwa hiyo anzeni hivi. Mara tatu kwa wiki, dakika 5 za mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi ajibu swali moja tu kwenye robo ya karatasi, aonyeshe hatua zote. Wanafunzi 70 wanatumia karatasi 18. Rimu moja inautosha mkondo mmoja wiki 9 hivi. Mwalimu asisahihishe kwa alama. Azigawe mafungu: waliopata, waliokosea hatua moja, waliopotea kabisa. Ni kazi ya dakika 10. Waliokosea wakizidi theluthi, yaani 24 na kuendelea, kesho dakika 15 za kwanza zirudie hatua hiyo kwa mfano mwingine. Wakiwa wachache, wakae na mwalimu jioni, wao peke yao. Hapo ndipo kipindi chenu cha jioni kinapata maana.

Karatasi hizi zisiwe sababu ya fimbo wala zisiingie kwenye alama za maendeleo ya mwanafunzi. Siku mtakapozitumia kuadhibu, watanakili kwa jirani na mtasoma majibu mazuri ya uongo. Hili huharibu mpango mzima kuliko upungufu wa vitabu.

Ndani ya kipindi cha dakika 40, acheni kuuliza "Tumeelewana?" Darasa zima litaitikia "Ndiyo!" na hamtajua kitu. Uliza swali, nyamaza kama sekunde 5, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, wengine 69 wanapumzika. Mwalimu akishatatua mfano mmoja ubaoni, atoe wa pili akiwa ameufikisha nusu, wao wamalizie, kisha wa tatu waufanye wenyewe huku yeye akipita kati ya madawati. Wengi wetu tunatatua mifano minne mfululizo halafu tunatoa zoezi la maswali kumi. Mwanafunzi dhaifu anakwama swali la kwanza na kusubiri la kunakili.

Lugha nayo isipuuzwe. Wengi wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, na karatasi ya upimaji wa kitaifa ya Hisabati ni ya Kiingereza. Kona ya ubao iwe na maneno sita ya mada hiyo. Fafanua kwa Kiswahili kifupi, kisha mrudi kwenye Kiingereza, nao wayatamke na kuyatumia kwenye sentensi.

Walimu wawili wa Hisabati watembeleane darasani dakika 15 kila wiki. Mgeni ahesabu jambo moja tu: maswali mangapi yaliulizwa, na yalijibiwa na safu zipi. Mara nyingi ni safu mbili za mbele. Hesabu hiyo ibaki kwao wawili. Ikifika kwenye faili la mkuu wa shule, ziara zitageuka ukaguzi.

Kupima kama kuna mabadiliko, toeni maswali 8 ya mabano na milinganyo wiki hii, na baada ya wiki 6 mrudie yaleyale kwa namba tofauti. Linganisheni swali kwa swali badala ya wastani wa darasa. Swali ambalo halijasogea ndilo mwalimu apangiwe kulifundisha upya, kabla ya kugusa mada inayofuata kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka.