Paa la mabati linalobambuka rangi: tatizo liko chini ya rangi

Msomaji wa Malindi ameniandikia. Paa lake la mabati lilipakwa redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta, na kabla mwaka haujaisha linabambuka kama gome la mpera. Anataka kujua anunue rangi gani sasa.

Ndugu yangu, usinunue kitu kwanza. Geuza kipande kimoja kilichobanduka. Ikiwa bati chini yake linang'aa kama lilivyotoka dukani, rangi haikuliwa na jua. Zinki iliyofunika bati, ikipata unyevu, hushikana na mafuta ya rangi na kufanya utando wa sabuni katikati yao, na juu ya sabuni hakuna kinachodumu. Redoksaidi ya kawaida nayo ni ya mafuta, imekusudiwa chuma kitupu. Inaniuma kuona mafundi wetu wangali wanaanza nayo.

Kwangua yote iliyolegea. Kisha osha: ndoo ya lita 10, vijiko viwili vya sabuni ya vyombo, brashi ngumu ya nailoni. Bati jipya huja na mafuta ya kiwandani yasiyoonekana, kwa hivyo usiamini macho. Limwagie maji: yakitanda, ni safi, yakijikusanya matone, rudia sabuni.

Mabati yaliyovushwa kwa mashua kwenda Lamu yakalowa yakiwa yamebanana hutoa unga mweupe. Hiyo ni kutu ya zinki, isugue mpaka iishe. Usitumie brashi ya waya wala stiliwaya (sufi ya chuma ya kusugulia masufuria): chembe za chuma hubaki na kuota kutu nyekundu. Asidi ya kusafishia choo ndiyo mbaya zaidi. Hata bati zuri la gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba lina zinki ya mikroni 20 tu kila upande, yaani sehemu 20 za elfu za milimita, na asidi hiyo huila.

Kwa bati linalong'aa, paka siki ya dukani ya asilimia 5, iache dakika 10 bila kukauka, suuza mara mbili. Likikauka, pitisha msasa namba 180 kwa mkono mwepesi mpaka mng'ao ufifie, upanguse vumbi.

Maji ya kusuuzia ndiyo yanayoharibu kazi nyingi huku kwetu. Ya kisima chenye chumvi yanaacha chumvi juu ya bati ulilolisafisha. Dondosha tone juu ya kioo likauke. Likiacha doa jeupe, tafuta maji ya mvua. Upepo wa kusi nao hunyunyiza chumvi usiku kucha, hivyo paa lililooshwa jana si safi leo. Osha alfajiri upande utakaoweza kuumaliza, ukauke, na kufikia saa tatu uwe unapaka praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha. Bati likiwa moto hata lisishikike kwa kiganja, simama: rangi itakauka juu kabla haijashika chini. Jioni pia acha mapema, umande usiikute mbichi.

Praima iwe ya maji, ya akriliki, na kopo liseme wazi inafaa mabati ya zinki. Juu yake mikono miwili ya akriliki.

Anza na bati moja tu. Baada ya wiki, lichanje alama ya X kwa wembe, bandika selotepu, ikandamize, uivute kwa ghafla. Ikitoka na rangi, usipande juu na makopo mengine. Rudi kwenye ndoo ya sabuni.