Ukivaa hedifoni, sabufa nayo inyamaze

Anayevaa hedifoni ndiye wa mwisho kujua kwamba sabufa bado inapiga. Masikio yake yamefunikwa, besi anaisikia vizuri ndani ya hedifoni, na hana sababu ya kushuku chochote. Huku chini ya meza sanduku linaendelea kutetemesha sakafu. Walio chumba cha pili hawasikii mwimbaji wala gitaa. Wanasikia dum, dum, dum isiyo na kichwa wala miguu. Kwangu mimi hiyo ni kero kuliko muziki wenyewe kupigwa kwa sauti, maana muziki kamili mtu anaweza angalau kuufuata.

Tena besi haizuiliki kirahisi. Wimbi la Hz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 8.6 hewani, na ukuta wa kawaida unaozuia sauti nyembamba hauwezi kulizuia hilo vilevile. Ndiyo maana watu wengi huhamia kwenye hedifoni usiku: wanataka wengine walale. Sabufa ikibaki imewaka, faida ya hedifoni imekwenda.

Nimesaidia watu kadhaa kupanga vifaa vyao vya mezani, na karibu kila mara chanzo kimekuwa kilekile: sabufa imepewa njia yake peke yake. DAC, yaani kile kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kutoka kwenye kompyuta iwe ya analogi, ina matundu ya RCA nyuma, yale ya duara ya nyaya nyekundu na nyeupe. Mtu anachukua waya wa kugawa, upande mmoja anaupeleka kwenye spika, wa pili kwenye sabufa. Kisha anachomeka hedifoni kwenye tundu lililo mbele ya spika. Spika zinanyamaza kwa sababu tundu lile lina swichi ndani yake. Lakini swichi hiyo inazikata spika hizo tu. Sabufa inapokea sauti kutoka kwenye DAC moja kwa moja, kwa hiyo haina habari kwamba kuna hedifoni imechomekwa mahali.

Hali ni hiyohiyo ukichomeka hedifoni kwenye DAC yenyewe, kama ni ya aina isiyozima matundu ya nyuma. Zipo zinazoyazima mara tu plagi inapoingia, zipo zenye swichi ya kuchagua hedifoni au spika, na zipo zinazotoa sauti mbele na nyuma kwa pamoja muda wote. Zote tatu ukiziweka mezani zinafanana, kwa hiyo usinunue kabla ya kusoma mwongozo wake sehemu inayoeleza matundu ya kutoa sauti.

Ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka uuchukue huu peke yake: sabufa iwe kwenye njia moja na spika, ili kinachozima spika kizime na sabufa. Kama sabufa yako ina matundu ya kuingiza na ya kutoa, peleka sauti kutoka DAC hadi sabufa kwanza, kisha kutoka sabufa hadi kwenye spika. Mpangilio huu una faida ya pili. Sabufa nyingi za aina hii huondoa besi ya chini kabla ya kuzipa spika sauti, mara nyingi kuanzia karibu Hz 80 kwenda chini, na spika ndogo za inchi tatu au nne zikipumzishwa na kazi hiyo husikika safi zaidi, hasa kwenye sauti ya mtu. Lakini hakikisha, kwa sababu kuna sabufa ambazo tundu lao la kutoa linapitisha kila kitu kama kilivyoingia. Kama spika zako zenyewe ndizo zenye tundu la sabufa, geuza mpangilio: DAC iingie kwenye spika, spika zilishe sabufa. Hapo kuna jambo moja la kupima kabla ya kuamini, nalo ni kama tundu hilo la sabufa hunyamaza hedifoni inapochomekwa kwenye spika. Si yote yanayofanya hivyo.

Wenye spika zisizo na amplifaya ndani, wanaotumia amplifaya ya pembeni, wana njia nzuri ambayo wengi hawaitumii. Nyuma ya sabufa nyingi kuna sehemu za kuunganisha nyaya za spika zenyewe. Ukichukua sauti kutoka kwenye vishikio vya spika vya amplifaya badala ya tundu la RCA la sabufa, basi amplifaya ikikata spika kwa ajili ya hedifoni, sabufa nayo imekatika. Tundu la RCA mara nyingi hubaki hai hata hedifoni ikiwa imechomekwa. Tahadhari moja: baadhi ya amplifaya ndogo za kisasa, hasa za daraja la D, hazitaki waya wa hasi wa spika uguse ardhi ya umeme au uunganishwe na hasi wa upande wa pili. Soma mwongozo kwanza. Ukikosea hapo unaweza kuunguza amplifaya.

Baada ya kuunganisha, pima. Tafuta sauti ya majaribio ya Hz 40, shusha volyumu iwe ndogo, iwashe, kisha weka kiganja juu ya sanduku la sabufa. Utahisi mtetemo hata kama husikii kitu. Sasa chomeka hedifoni. Mtetemo ukiisha, kazi imekwisha. Ukiendelea, bado kuna njia ya sauti hujaiona. Napenda kipimo hiki kwa sababu hakitegemei masikio yako, na masikio ndiyo yanayodanganywa kwenye tatizo hili. Ukibadilisha waya mmoja tu, rudia.

Kuna njia nyingine kabisa, nayo ndiyo ninayoitumia mezani kwangu: vifaa viwili tofauti. Spika na sabufa ziko kwenye kifaa kimoja cha sauti, hedifoni ziko kwenye DAC yake, na kompyuta ndiyo inayochagua. Kwenye Windows 11 unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl na V, orodha ya vifaa vya sauti inafunguka, unachagua. Kwenye Mac unabofya alama ya sauti juu ya skrini. Uzuri wake ni kwamba kompyuta inakumbuka volyumu ya kila kifaa peke yake, kwa hiyo kiwango cha spika hakihamii masikioni mwako. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya programu hushikilia kifaa cha zamani hadi uzifunge na kuzifungua tena, na programu za simu za video mara nyingi zina uchaguzi wao wenyewe ndani. Kwa hiyo wimbo unaweza kuwa umehamia hedifoni huku mlio wa simu ukitokea kwenye spika na sabufa.

Wanaotumia kadi ya sauti iliyo ndani ya kompyuta wana hadithi yao. Tundu la mbele na matundu ya nyuma kwa kawaida ni kifaa kimoja, na kuna mpangilio unaoamua kama kuchomeka mbele kunanyamazisha nyuma. Kwenye Linux mpangilio huo huonekana ndani ya programu ya alsamixer kwa jina la Auto-Mute Mode. Kwenye Windows hupatikana katika programu ya kadi yenyewe. Ukiwa umezimwa, spika na sabufa zitaendelea kupiga.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha na kushusha masafa ya sauti, imeharibu starehe ya watu wengi kuliko nyaya. Mtu akitaka kuzipumzisha spika ndogo anaweka kichujio kwenye kompyuta kinachokata kila kitu chini ya Hz 80. Kwenye spika ni sawa kabisa, kama sabufa inapokea sauti yake kabla ya kichujio. Kisha anahamia hedifoni, na kichujio kinahama naye. Hedifoni ambazo zina uwezo wa kushuka hadi karibu Hz 20 zinasikika kama redio ndogo ya mkononi. Mtu anailaumu hedifoni, ananunua nyingine, nayo inasikika vilevile. Kinyume chake pia hutokea: ameongeza besi kwa ajili ya hedifoni, akarudi kwenye spika, na nyongeza ile ikamiminika yote ndani ya sabufa. Programu kama Equalizer APO inakuruhusu kuweka mpangilio kwa kila kifaa. Tumia uwezo huo. Mpangilio wa chumba ubaki kwenye chumba, na wa hedifoni ubaki kwenye hedifoni.

Jambo lingine la aina hiyo ni mpangilio wa 5.1, yaani wa spika tano na sabufa moja. Baadhi ya watu huchagua 5.1 kwenye kompyuta ili tundu la sabufa lifanye kazi. Kumbuka kwamba ile .1 ni chaneli maalumu ya madoido ya filamu. Haina uhusiano na besi ya kawaida ya wimbo, na wimbo wa stereo hauna chaneli hiyo kabisa. Kifaa hichohicho kikitumika kwa hedifoni bila kurudishwa stereo, filamu inaweza kupoteza sehemu ya mazungumzo au besi yake, kutegemea programu inavyochanganya chaneli. Kwa meza yenye spika mbili na sabufa moja, acha kompyuta kwenye stereo na krosova, yaani kugawa besi iende sabufa na sauti nyingine ziende spika, ifanywe na sabufa.

Kuna wanaosema sabufa yao ina hali ya kujizima yenyewe, kwa hiyo hawana wasiwasi. Hali hiyo inasaidia umeme, lakini si suluhisho la kelele. Sabufa husubiri kimya cha dakika kadhaa, mara nyingi 10 hadi 20, ndipo ilale, na kama bado inapokea sauti haitalala kamwe. Tena usiku ukisikiliza spika kwa sauti ndogo, inaweza kushindwa kuamka, nawe ukadhani imeharibika. Mimi huiacha kwenye hali ya kuwaka muda wote na kuizima kwenye swichi ya umeme nikimaliza kazi. Ukifanya hivyo, fuata utaratibu: wakati wa kuwasha, kompyuta na DAC kwanza, spika na sabufa mwisho. Wakati wa kuzima, spika na sabufa kwanza. Vinginevyo utasikia mshindo mzito ambao si mzuri kwa koni wala kwa moyo.

Kama sabufa inavuma hata wakati hakuna sauti, huo ni mvumo wa umeme wa Hz 50 au 60 kulingana na nchi, na hedifoni hazitauondoa. Chomeka kompyuta, spika na sabufa kwenye soketi moja, na kama vifaa vinaruhusu tumia nyaya za XLR, zile za plagi ya pini tatu. Usikate pini ya ardhi ya plagi kwa sababu yoyote ile.

Sasa masikio. Ukitoka kwenye hedifoni kuja kwenye spika, besi ya sabufa itaonekana pungufu kwa muda. Hedifoni iliyoziba vizuri inaleta besi hadi mlangoni mwa sikio bila chumba kuiingilia, ilhali chumba huongeza masafa fulani na kumeza mengine kulingana na ulipokaa. Isitoshe, volyumu ikiwa ndogo sikio letu husikia besi kwa udhaifu kuliko sauti za kati. Hilo lilipimwa na watafiti Fletcher na Munson na kuchapishwa mwaka 1933. Kwa hiyo mkono unakwenda kwenye kitufe cha sabufa, unaongeza kidogo. Kesho yake, volyumu ya kawaida, sabufa inafunika kila kitu, unapunguza. Mzunguko huo hauishi.

Ninachofanya ni kuweka kiwango cha sabufa mara moja, kwa kipimo, nikiwa na programu ya bure ya Room EQ Wizard na maikrofoni, kisha kubandika kipande cha utepe pembeni mwa kitufe kuonyesha kilipo. Kitufe hicho hakiguswi tena kwa hisia za baada ya hedifoni. Nikivua hedifoni nasikiliza nyimbo chache ninazozijua kabla ya kuhukumu chochote. Usipokuwa na maikrofoni, tumia nyimbo hizohizo kila mara, na upange sabufa asubuhi kabla masikio hayajachoka.

Na upande wa pili, wa kutoka spika kwenda hedifoni, una hatari halisi. Kama kitufe kimoja cha volyumu kinaongoza vyote viwili, kishushe kabisa kabla ya kuvaa, kisha upandishe taratibu. Kiwango kinachojaza chumba kinaweza kuumiza sikio likiwa limefunikwa.

Hedifoni pia si lazima kila usiku. Sabufa nyingi za studio zina tundu la swichi ya mguu au kitufe cha kuipita. Ukiibonyeza, sabufa inanyamaza na spika zinapata sauti kamili kuanzia chini kadiri zinavyoweza. Saa za usiku wa mapema, wakati wengine bado wako macho lakini hawataki mtikisiko, hali hiyo ya spika bila sabufa inatosha, na shingo inapumzika na uzito wa hedifoni. Kama sabufa yako haina swichi hiyo, kuizima umeme mara nyingi hakutoshi, kwa sababu zipo ambazo zikizimwa hukata na sauti inayopita kwenda kwenye spika. Jaribu yako mchana ujue iko upande gani.