Jibu: maua ya kuita ndege na vipepeo kwa aliyepanga chumba Kampala

Dada, umeuliza utawapandiaje vipepeo na ndege wakati umepanga chumba kimoja, ardhi huna, hela ya vyungu huna, na unahofia mama mwenye nyumba atakukatalia. Mimi pia nimepanga, hapa Kireka, kwenye zile nyumba za mstari ambazo Waganda wanaziita muzigo. Mbele ya mlango nina saruji tu, hatua nne kwa mbili.

Vyombo visikuumize kichwa. Omba wakaanga chapati jerikeni za njano za lita 20 za mafuta, zilizopasuka. Ya dawa au ya rangi usiiguse. Ilaze, kata ubavu wa juu, kisha toboa matundu pembeni, vidole viwili kutoka chini, ili udongo wa chini ubaki na unyevu. Januari jua likiwaka utanikumbuka. Udongo wangu ni maganda ya matoke yaliyooza kwenye gunia, nikachanganya na udongo mwekundu. Tangu jalala la Kiteezi, lile la taka za Kampala, liporomoke Agosti 2024 na kuua watu, maganda siyatoi tena na taka. Tairi nililijaribu nikaliacha: maji yalituama ndani ya ukingo, wakaja mbu.

Nilipokosea mimi ni kwenye mimea. Nilinunua waridi kando ya barabara, likachanua vizuri, lakini chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, hata mmoja hakulitazama. Akaja siku kifumufumu kilipojiotea chenyewe. Unakijua: kile kirefu chenye mapira ya miiba na maua ya rangi ya chungwa, kila mtu anaking'oa akidhani gugu. Mdomo wa chozi umepinda, unaingia sawasawa kwenye maua yale marefu kama mirija. Mbegu utaziokota bure kandokando ya njia. Ongeza mujaaja, ule mmea wa jamii ya mrehani, nyuki wanaupenda, na wewe utakunywa chai yake.

Ndimu yangu nusura niipulizie dawa. Nilikuta majanini viwavi kama mavi ya ndege, nikawaponda wote. Msimu uliofuata nikawaacha kwa uvivu tu, wakageuka kijani, wakanenepa, na baadaye wakatoka vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano. Majani yaliliwa, ndiyo, lakini yaliota tena. Ukitaka vipepeo na majani yasiyo na tundu hata moja, nunua maua ya plastiki.

Pasheni ndiyo iliyonisumbua zaidi. Ya njano ilichanua mwaka mzima bila tunda. Kumbe mche mmoja haujitoshi. Inataka chavua ya mche mwingine, na mbebaji mzuri ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Nikapanda wa pili, nikafunga gogo kavu kwenye uzio akae humo. Wakati namngoja nilipaka chavua kwa kidole mchana, maana maua yake hufunguka kuanzia saa sita hivi. Gogo liwe mbali na paa, tafadhali; mbao za kenchi nazo anazitoboa.

Na kuhusu mama mwenye nyumba kukukatalia: wangu alininunia miezi miwili, akisema namletea nyoka. Siku hizi anamtuma mjukuu aje kuchuma pasheni, na wala haniulizi.