Ukuta wa hanok: shughulikia udongo kwanza

Wanaoniuliza kuhusu hanok, nyumba ya jadi ya Korea, karibu wote huanzia kwenye kukandika. Nilifanya kazi na mafundi wa Andong, mji wa Korea Kusini, na muda mwingi ulikwisha kabla hatujashika mwiko.

Udongo wao, hwangto, ni wa manjano yenye wekundu kidogo. Wa juu wenye mizizi na mboji uache; chimba mpaka uufikie ulio safi. Uchekeche, kanda kidogo, paka juu ya ubao, anika kivulini. Ukipasuka-pasuka, mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga. Ukipukutika ukiusugua kwa kidole, mchanga ndio uliozidi. Usiniombe kipimo cha ndoo kwa ndoo: anayekutajia bila kuuona udongo wako anabahatisha.

Mabua ya mpunga nunua baada ya mavuno ya Oktoba, makavu, yasiyo na ukungu. Kwa tabaka la kwanza yakate sentimita 5 hivi, kwa yanayofuata mafupi zaidi. Changanya na udongo na maji, kanyaga kwa miguu, funika, acha. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Ukikaa wiki kadhaa, mabua hulainika na kuanza kuoza, udongo unanata zaidi, na harufu inakuwa ya zizi. Harufu hiyo ni dalili njema (majirani waambie mapema). Kila baada ya siku chache ukanyage tena, na ukikauka uongeze maji.

Huku udongo ukilala, funga fito: mianzi iliyopasuliwa au mabua ya mtama, kwa kamba ya mabua ya mpunga. Aliyejenga nyumba ya udongo Tanga hatashangaa, ila hapa hakuna mawe ya kujazia kati, kwa hiyo acha nafasi udongo upenye na kushika. Kandika upande mmoja, ukishakaza ndipo uende wa pili.

Udongo wa tabaka la mwisho upitishe kwenye chekeche laini. Chemsha mwani mpaka utoe ute, uchuje, ukandie udongo huo; bila ute vumbi litakushika nguoni kila ukiegemea.

Usikandike majira ya baridi, kwani maji yakiganda ndani hubandua tabaka zima. Mimi huyatunza mabua ya Oktoba, naloweka mwishoni mwa Machi, nakandika kuanzia mwishoni mwa Aprili, ili ukuta uwe mkavu kabla ya mvua za mwishoni mwa Juni.