Maswali ya wasomaji: sabuni ya kutengeneza nyumbani

Barua za toleo hili ni za sabuni ya kipande inayotengenezwa kwa mafuta na kostiki soda, bila kupikwa motoni. Tumezipanga kuanzia kwa anayeanza kabisa hadi kwa aliyekwisha kukwama. Nyingi zina chanzo kimoja cha matatizo, nacho ni kupima kwa vikombe na vijiko. Kwa hiyo mtatuona tukilirudia neno mizani hadi mchoke.

Naishi bedsita Roysambu na sijawahi kutengeneza sabuni. Nianze na nini, na kwa vipimo gani? Naogopa hiyo kostiki.

Kuiogopa kidogo ni vizuri, dada. Bila kostiki hakuna sabuni ya kipande. Mafuta na kostiki vikikutana hubadilika vyote viwili, vikawa sabuni na gliserini, na kipimo kikiwa sahihi hakuna kostiki inayobaki kwenye kipande kilichokomaa.

Vifaa ni hivi: mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja, jagi la plastiki nene lenye namba 5 ndani ya pembetatu chini yake, sufuria ya chuma cha pua, blenda ya mkono, mwiko wa silikoni, miwani ya kinga inayofunika macho pande zote, glavu za mpira na nguo ya mikono mirefu. Kopo la aiskrimu la lita moja linatosha kuwa kalibu. Vyombo hivi visirudi tena kwenye chakula.

Vipimo vya kuanzia, vyote kwa gramu:

Mafuta ya nazi 150
Mafuta ya mawese 200
Mafuta ya alizeti 125
Mafuta ya nyonyo 25
Kostiki soda 72
Maji 150

Nazi inaleta povu jingi na ugumu, mawese yanakipa kipande uzito wa kudumu bafuni, alizeti inalainisha, na nyonyo inashikilia povu lisipotee haraka. Hata maji yanapimwa kwa mizani. Usipime mafuta kwa lita, kwa sababu lita moja ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi, si kilo.

Kostiki iliyo safi utaipata kwenye maduka ya kemikali ya River Road na Industrial Area. Omba sodiamu haidroksaidi isiyochanganywa na kitu, kwani baadhi ya dawa za kuzibua sinki huwa na viungo vingine. Maji yawe ya distili. Ukiyanunua kwenye kituo cha petroli soma kibandiko mara mbili, maana rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri, na mitungi yake inafanana.

Kabla hujafungua kostiki, hakikisha una mtungi wa lita 20 uliojaa maji ndani ya chumba. Mifereji ya Nairobi tunaijua. Ikikurukia ngozini, mwagia maji mengi mfululizo kwa dakika 20 na uvue nguo iliyolowa. Usipake siki, kwani inaongeza joto na kuchelewesha kuosha. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Na tafadhali, usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hawezi kujua tofauti. Iache kwenye chombo chake, kifuniko kikiwa kimekaza, juu asipofika mtu mfupi.

Sasa kazi yenyewe. Fungua dirisha, watoto watoke nje. Pima maji ndani ya jagi, pima kostiki kwenye kikombe kikavu, kisha mimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Usigeuze mpangilio huo. Maji yakimwagiwa juu ya kostiki, joto hulipuka mahali pamoja na mchanganyiko unaweza kukurukia usoni. Jagi litapata moto sana na kutoa mvuke mkali kwa dakika moja au mbili, basi geuza uso pembeni. Liache lipoe mahali ambapo hakuna atakayeligonga.

Yeyusha nazi na mawese kwa moto mdogo, ongeza alizeti na nyonyo, uache vipoe. Mafuta na maji ya kostiki vyote vikifika nyuzi 38 hadi 43 hivi, mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta. Washa blenda sekunde tano, izime na ukoroge nayo kwa mkono, washa tena. Ukiiwasha mfululizo itakuzidi kasi na sabuni itagandia sufuriani. Uji ukiwa mzito kiasi kwamba tone likidondoka linaacha mstari juu yake kabla ya kuzama, umefika. Mimina kwenye kopo, funika kwa plastiki, lizungushie taulo kuukuu, na uliache saa 24.

Kata baada ya siku moja au mbili ukiwa bado na glavu. Panga vipande vikiwa na nafasi katikati, hewa ipite pande zote, kwa wiki 4 hadi 6. Wengi huvunja subira hapa. Kostiki huwa imekwisha kazi yake siku za mwanzo, lakini maji bado yako ndani, na kipande kibichi huyeyuka kwenye kisahani siku chache tu.

Sufuria yangu ilitoa povu na harufu kali nilipomimina kostiki, kisha ikawa nyeusi ndani. Nilinunua kostiki mbovu? Msomaji, Donholm.

Kostiki yako haina kosa. Sufuria nyingi za jikoni kwetu, zikiwemo zile za jua kali Kamukunji, ni za alumini. Kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Ukikuta hali hiyo zima jiko, fungua milango, toka nje hadi povu litulie. Mchanganyiko huo usiutumie tena, na sufuria hiyo usiipikie. Alumini iko pia kwenye karatasi ya kufungia nyama na baadhi ya vijiko. Shaba na bati navyo viweke mbali. Kama hujui sufuria yako ni ya nini, fanya kazi yote kwenye ndoo ndogo ya plastiki namba 5, na mafuta uyayeyushe kwanza kando.

Mafuta ya nazi yalikuwa ghali, kwa hiyo nikaweka alizeti mahali pake, gramu kwa gramu. Sabuni imekomaa wiki tano na bado inauma ngozi. Mbona, na mapishi ni yaleyale? Mama wa Umoja.

Mama, ulipobadilisha mafuta ulibadilisha hesabu. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki kinachoyageuza yote kuwa sabuni. Kwa gramu moja, nazi inahitaji gramu 0.183 za kostiki, mawese 0.142, alizeti 0.135, na nyonyo 0.129. Mafuta ya ng'ombe, yale ya kuyeyusha shahamu ya buchani, yanahitaji 0.140, na ya parachichi 0.133.

Tuseme ulitumia vipimo vya hapo juu. Yakiwa na nazi, mafuta yote yanahitaji gramu 76 za kostiki. Tunaweka 72, yaani tunapunguza asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki huru kwenye kipande na kuilinda ngozi. Ukiondoa gramu 150 za nazi na kuweka alizeti, mahitaji yanashuka hadi gramu 68.7. Wewe ukaweka 72. Gramu tatu na ushee zimebaki bila mafuta ya kuungana nayo, na hizo ndizo zinazouma. Ulipaswa kuweka 65.

Kwa hiyo zidisha uzito wa kila mafuta kwa namba yake, jumlisha, kisha zidisha jumla kwa 0.95. Na uone jinsi nafasi ilivyo finyu: kostiki ikizidi gramu 4 tu katika kipimo hiki, akiba yote ya mafuta imekwisha. Ndiyo maana kijiko hakifai. Kijiko cha kostiki ya chembe na kijiko cha kostiki ya magamba havina uzito mmoja.

Usiitupe hiyo sabuni. Vaa glavu na miwani, ikwaruze yote kwenye kikwaruzo cha chuma cha pua, iweke kwenye sufuria ya chuma cha pua juu ya maji yanayochemka, ongeza gramu 50 za alizeti na vijiko vitatu au vinne vya maji. Funika, koroga mara chache kwa saa moja au zaidi hadi iwe kama viazi vilivyopondwa. Ishindilie kwenye kopo, ikate kesho yake, na uipe wiki nyingine mbili au tatu. Haitakuwa na uso laini, lakini itaoga mtu.

Jambo moja zaidi, kwa sababu wengi wanatoka duka la karibu na mtungi ulioandikwa tu “vegetable oil”. Hapa kwetu mara nyingi hayo ni mafuta ya mawese yaliyochujwa, hata yakiwa ya majimaji. Soma maandishi madogo ya viungo. Yakiwa ya mawese, tumia namba ya mawese.

Kwa nini nisitumie magadi badala ya kostiki? Ni ya asili, na ni rahisi kupata.

Magadi yale ya Ziwa Magadi, Kajiado, tunayowekea maharagwe yalainike, ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Ni dawa dhaifu mno kwa kazi hii. Hulainisha ganda la maharagwe, lakini haina nguvu ya kuyavunja mafuta mazima yakawa sabuni. Utapata maji yenye mafuta yanayoelea. Viwanda huongeza soda ya namna hiyo kwenye sabuni za kufulia ili kupunguza ugumu wa maji, ila hapo sabuni yenyewe imekwisha kutengenezwa.

Julai niliamka saa kumi na moja nikatengeneza sabuni. Ilishika haraka ajabu, nikafurahi. Kesho yake kulikuwa na dimbwi la mafuta juu na maji chini.

Hiyo sabuni haikushika. Iliganda kwa baridi. Mafuta ya nazi hugeuka mgando chini ya nyuzi 24 hivi, na mawese hata kabla ya hapo, na alfajiri ya Julai jikoni Nairobi ni baridi kuliko hivyo. Mafuta yalianza kurudi kuwa mgando, uji ukawa mzito, ukadhani ni dalili tuliyoisema. Kumbe kostiki ilikuwa haijachanganyika nayo.

Njia ya kutofautisha ni joto. Uji ukiwa mzito mapema mno na una chembechembe kama semolina, weka sufuria kwenye beseni la maji moto. Ukilegea na kurudi mafuta, bado. Endelea na blenda. Ule wa kweli haulegei.

Hiyo iliyoachana rudisha kila tone kwenye sufuria ya chuma cha pua, yale maji ya chini hasa, maana ndiyo yenye kostiki. Usiyaguse bila glavu. Pasha moto mdogo hadi mafuta yote yayeyuke, piga blenda hadi ishike kweli, mimina upya. Miezi ya baridi anza mafuta yakiwa nyuzi 45, na taulo ziwe mbili.

Blenda ikikosekana stima inapopotea, koroga kwa mwiko bila kukata tamaa. Yaweza kuchukua saa nzima, na sabuni itatoka nzuri vilevile.

Kuna unga mweupe juu ya vipande, na vingine vimeanza madoa ya rangi ya chungwa. Ni kuvu?

Ni vitu viwili tofauti. Unga mweupe hutokea pale kostiki ya juu juu inapokutana na hewa ya kaboni kabla haijaungana na mafuta, ikawa soda, ndugu wa yale magadi tuliyoyataja. Haudhuru. Ufute kwa kitambaa chenye maji, na mara nyingine funika kopo vizuri saa zote 24.

Madoa ya chungwa ni mafuta yaliyochacha. Alizeti huchacha upesi, hasa ikiwa ya zamani au vipande vikikomaa juani au kwenye waya wa chuma. Vioshee mikono na vitambaa, usivigawie watu.

Nitajuaje iko tayari kutumika?

Baada ya siku tatu hivi, lowesha kidole, kisugue kwenye sabuni, kisha gusisha povu ncha ya ulimi. Ikichoma kama ulimi uliogusa betri, kostiki bado ipo; jaribu tena baada ya wiki. Ikiwa na ladha ya sabuni tu, ni salama, ila acha wiki za kukomaa zitimie. Karatasi za kupima pH, yaani ukali wa asidi au alkali, zikionyesha 9 au 10 usishtuke. Sabuni ya kweli haishuki hadi 7.

Nataka kuweka mwarobaini, shubiri na mchaichai. Kiasi gani?

Kwa gramu 500 za mafuta: mafuta ya mwarobaini gramu 25 badala ya kiasi hichohicho cha alizeti, na ujiandae kwa harufu yake. Utomvu wa shubiri gramu 30 badala ya gramu 30 za maji. Uchuje, na uuongeze mwishoni ili usiungue. Mafuta ya mchaichai gramu 8, yaingie uji ukiwa bado mwepesi. Ya karafuu yasizidi gramu 2, kwani yanawasha ngozi na kugandisha sabuni mkononi. Majani mabichi yaache kabisa. Yanageuka kahawia na kuoza ndani ya kipande. Wala usimwahidi mtu kwamba itamponya upele. Sabuni inakaa mwilini dakika moja, kisha inaenda na maji.

Jirani wanaitaka. Naweza kuuza?

Ya kuuza inahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa hiyo anza kuwauliza mapema, kabla hujachapisha vibandiko. Wakati huo weka daftari: tarehe, uzito wa kila kiungo, namba ya kila kundi la vipande. Mteja akirudi na kipande kinachowasha, utajua ni kundi gani na ulipima nini. Na uzito unaouandika kwenye kibandiko uwe wa baada ya wiki 6, maana kipande kilichokatwa jana kitapungua kadiri maji yanavyotoka.