Jibu: Mume anatishia kufuta maombi ya makaratasi yangu

Salaam dada, na pole sana. Umesema mumeo, raia wa Marekani, anakupiga, na ukienda polisi atafuta maombi aliyokuwekea uhamiaji. Nakujibu kama mkalimani wa kliniki ya sheria ya chuo kikuu, ambako wanafunzi hushughulikia kesi kama yako bure, wakisimamiwa na profesa wao.

Kwanza angalia: una kadi ya ukaazi ya miaka 2, au huna kadi kabisa? Hujasema, na njia ni tofauti. Kama huna, sheria ya VAWA ya 1994, sheria ya Marekani ya kuwalinda wanaofanyiwa ukatili na wenzi wao, inakuruhusu ujiombee mwenyewe kwa fomu I-360. Haina ada. Hasaini yeye, na maafisa wamekatazwa kumpa habari zako. Akifuta ombi lake, lako halianguki. Hata akikutaliki, unaweza kuomba ndani ya miaka 2 tangu talaka. Kama unayo kadi ya miaka 2, fomu ni I-751. Unaomba uondolewe sharti la kusaini pamoja naye.

Wengi hudhani bila ripoti ya polisi hakuna kesi. Si kweli! Meseji, picha, karatasi za hospitali, barua ya jirani, ya shehe au mchungaji, vyote hupimwa. Lakini kinachobeba kesi hasa ni maelezo yako mwenyewe. Yaandike kwa Kiswahili kwanza, kama unavyomsimulia dada yako. Kutafsiri ni kazi yetu. Usiyaweke kwenye simu anayoifungua.

Ukiwa hatarini sasa hivi piga 911. Kwa ushauri, 1-800-799-7233, simu ya taifa ya Marekani ya wanaofanyiwa ukatili wa nyumbani, hupokea saa 24, omba mkalimani.