Kumwonjesha mtoto pombe mapema hakumfundishi kiasi

Wapo wanaoamini kwamba mtoto akionjeshwa pombe mapema atajifunza kunywa kwa kiasi. Hapana, takwimu zinaonyesha kinyume. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliofanywa Marekani 1991–1992 ulikuta kwamba kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, karibu 40% walikuja kuwa waraibu wa pombe wakati fulani maishani. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, ilikuwa karibu 10%. Tofauti hiyo si ya kupuuza hata kidogo. Sababu mojawapo ni ubongo: sehemu ya mbele, ile inayomwambia mtu "hapa inatosha", huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, ilhali hamu ya kutafuta raha hupanda mapema, tangu balehe.

Ila tusiseme pombe ya utotoni ndiyo chanzo pekee. Kurithi kumo, na mtoto anayeishi kwenye nyumba yenye vurugu huanza mapema na pia huwa hatarini zaidi. Halafu funda moja la kuonja halihesabiwi kuwa kuanza kunywa: dodoso ambalo Shirika la Afya Duniani (WHO) hutumia shuleni, kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 17, huuliza umri wa kunywa zaidi ya mafunda machache.